Ameacha Mjane Mmoja

SEHEMU YA KWANZA

Tangazo letu lilibandikwa bomani, Tanga, Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, katikati ya tangazo la mnada wa pikipiki na ratiba ya chanjo ya mbwa. Karani alilipiga pini mbili tu, za juu. Kila upepo wa bahari ulipoingia barazani, karatasi ilijikunja ikaficha jina langu, likabaki la Mwalimu Mhina peke yake. Mwalimu akarudi ndani kuomba pini nyingine mbili. Ndivyo alivyo, hapendi kitu kining'inie.

"Siku 21," karani alituambia. "Ndivyo Sheria ya Ndoa inavyotaka. Mwenye neno aje aliseme. Asipotokea mtu, njooni na mashahidi wawili."

Tulikwenda bomani kwa sababu kanisani kwetu hawamfungishi ndoa mwenye talaka wakati mwenzake yu hai. Mwalimu ni mgane, hakuwa na kizuizi. Mwenye kizuizi nilikuwa mimi, na sikukificha hata siku moja. Karani aliponiomba uthibitisho, nilifungua mkoba nikautoa.

Karatasi yenyewe ilikuwa ngumu na inang'aa. Nilirudi nayo kutoka Uingereza mwaka 2020, na wiki ile ile nikaipeleka steshenari Barabara ya Nane ikatiwa plastiki, isije ikaliwa na mende. Kijana wa steshenari alikuwa na haraka. Plastiki ilinasa kiputo cha hewa kwenye kona ya chini, mkono wa kulia, juu kidogo ya muhuri wa mahakama. Kiputo chenyewe kilikuwa kipana upande mmoja na kimechongoka upande wa pili, na mimi nilikiona kama Kisiwa cha Toten ukikitazama jioni kutoka Raskazone. Nilisikitika kidogo, nikakizoea.

Karani aliigeuza karatasi mbele na nyuma. "Kiingereza cha mahakama za nje sikijui sana, mama. Muhuri nauona, jina lako naliona. Tangazo liko ukutani, siku zitasema."

Elia alinioa Lushoto mwaka 2009. Mwaka 2011 tukahamia Leicester. Mimi nilifanya kazi ya kuogesha na kulisha wazee kwenye nyumba za kulelea, yeye alipanga mizigo ghalani usiku. Nilikuwa narudi anapotoka, anarudi ninapotoka, na miaka saba ikaenda hivyo mpaka tukawa watu wawili wanaoachiana funguo chini ya zulia la mlangoni. Mwaka 2018 akafungua kesi ya talaka huko huko. Sikuipinga. Machi 2019 ikaja bahasha yenye muhuri, nami nikailia kama mtu anavyolia msiba, nikaamini yamekwisha.

Sikuwa mzembe kiasi hicho, jamani. Nilipofika Tanga niliipiga picha ile karatasi ikiwa ndani ya plastiki yake, nikamtumia Elia kwa WhatsApp: "Kuna kingine kimebaki?" Akajibu baada ya siku mbili, maneno matatu tu: "Hiyo inatosha, Neema."

Basi siku ya 19 ikafika, Ijumaa tarehe 21. Ndoa tuliipanga Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mchele wa pilau wa watu 40 ulikuwa umeshanunuliwa, na suti ya kitenge ya Mwalimu ilikuwa kwa fundi ikisubiri vifungo. Simu ya karani ilinikuta sokoni Mgandini nachagua iliki.

"Mama, njoo. Njoo na mwenzako."

Mezani kwake palikuwa na bahasha ya kaki. Barua ya ndani iliandikwa kwa mkono, kwa mwandiko ninaoujua, kwa sababu ndio ulioandika majina ya wageni kwenye kadi za harusi yangu ya kwanza. Ni mwandiko wa Ayubu, mdogo wake Elia.

Mwalimu aliisoma kwa sauti ya darasani, polepole. "Naweka pingamizi. Mwanamke huyu ni mke halali wa kaka yangu. Mahakama ya Uingereza haijawahi kutoa amri ya mwisho ya talaka yao."

Akaishusha barua. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. "Neema," akauliza, "amri ya mwisho ni ipi?"

Nikachukua karatasi yangu, nikaiinamishia dirishani ili mwanga usinipige machoni. Kwa mara ya kwanza tangu bahasha ile ifike, niliisoma mstari kwa mstari mpaka chini. Kwenye kona, chini ya kiputo, kulikuwa na neno ambalo jicho langu lilikuwa likiliruka miaka mitano. Nikalisukuma lile povu kwa kidole gumba mpaka herufi zikanyooka.

Kwa Kiswahili neno lile ni "isipokuwa".

SEHEMU YA PILI

Wakili tuliyempata ni mwanamke wa makamo, ofisi yake iko juu ya duka la vyandarua. Alituagizia chai ya tangawizi, akaisoma karatasi mara mbili, akaiweka chini kwa mikono miwili kama mtu anayeweka sahani ya moto.

"Dada Neema, pole. Hii haijavunja ndoa."

"Ina muhuri!"

"Muhuri ni wa kweli. Soma juu hapa, Decree Nisi. Hiyo nisi ni Kilatini, maana yake ndilo neno ulilolikuta kule chini. Mahakama inasema imeridhika kwamba talaka inaweza kutolewa, isipokuwa ijitokeze sababu ya kuizuia. Baada ya hapo wanasubiri wiki sita na siku moja. Zikipita, aliyefungua kesi anaomba amri ya mwisho, na hiyo ndiyo inayoikata ndoa. Mwaka 2022 Waingereza walibadilisha majina ya hizi amri, lakini ngazi bado ni mbili. Karatasi yako ni ya tarehe 14 Machi 2019. Mapema kabisa ambapo Elia angeweza kuomba ni tarehe 26 Aprili."

"Na asipoomba?"

"Ungeweza kuomba wewe, baada ya miezi mitatu mingine. Msipoomba wote wawili, mtabaki mke na mume hata mkikaa miaka ishirini, kila mtu kwake."

Mwalimu akasogeza kikombe chake. "Lakini hapa ni Tanzania, wakili."

"Ndiyo, Mwalimu, na Tanzania haina ugomvi na talaka ya nje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 91, inasema amri ya mahakama ya nje yenye mamlaka itatambuliwa hapa kama mmoja wa wanandoa ana makazi ya kudumu kule, au ameishi kule si chini ya miaka miwili kabla ya kufungua kesi. Hawa wameishi saba. Wangekuwa na amri ya mwisho, ningelimaliza pingamizi hili mahakamani bila jasho. Ila hatuwezi kutambua kitu ambacho Uingereza yenyewe haijakitoa. Mngefunga ndoa tarehe 29, ingekuwa batili tangu saa ile ile mnayokata keki."

Akatueleza kwamba wanaokuja kwake na jambo la namna hii si wachache. Wapo kina mama walioachwa kwa talaka ya mdomo au ya maandishi huko huko Uingereza, wakapewa barua na masheikh, wakakaa eda yao kwa uaminifu, wakarudi pwani na kuolewa. Kumbe tangu mwaka 1974 Uingereza haiitambui talaka yoyote iliyotolewa ndani ya ardhi yake pasipo mahakama ya serikali. Kwa dini yake mwanamke ameachika. Kwa daftari la kule ni mke wa mtu, na mara nyingi analijua hilo siku mume mpya anapomwombea viza na afisa anapouliza, hii ndoa ya kwanza iliishia wapi?

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama uliwahi kuachana na mtu katika nchi ya watu, weka gazeti chini kwanza. Itoe karatasi yako kwenye sanduku uisome hadi mstari wa mwisho. Usimuulize rafiki mliyekuwa zamu moja. Mimi nilimuuliza, akaniambia hiyo ndiyo yenyewe, na alikuwa ananipenda.

Wakili akafungua kompyuta. London kuna mahakama ya familia inayotunza orodha ya amri zote za mwisho za talaka za Uingereza na Wales tangu mwaka 1858. Ukilipa ada, wanakutafutia. Tukajaza majina, mwaka wa ndoa, tukatuma. "Huenda Elia aliomba bila kukwambia," wakili alisema. "Kama hakuomba, utaomba wewe. Imepita zaidi ya miezi 12, kwa hiyo utawaeleza kwa maandishi kwa nini umechelewa. Itachukua muda, lakini njia ipo."

Tulipokuwa tunashuka ngazi Mwalimu alisimama katikati. "Ayubu amejuaje?"

Lilikuwa swali langu pia. Ayubu hajawahi kupanda ndege. Safari yake ya mbali ni Mombasa, anakofuata spea za bodaboda mara moja kwa mwezi. Amekuwa akikaa kwenye nyumba yetu ya Chumbageni tangu tulipoiezeka mwaka 2012. Hati ina jina la Elia, ingawa bati na milango vililipiwa na zamu zangu za Leicester. Kwamba anaogopa mume mpya atakuja kuulizia nyumba, hilo nalielewa. Lakini mtu wa spea amejuaje mahakama ya Uingereza imetoa nini na haijatoa nini, jambo ambalo mimi niliyeitwa kwenye kesi sikulijua?

Jumamosi usiku mchele ulikuwa bado umeegemea ukuta wa jikoni. Simu ikaita, namba ya Uingereza. Sauti ya mwanaume, Kiswahili cha Bara, mmoja wa Watanzania wanaochangishana kule wenzao wanapopatwa na shida.

"Dada Neema? Pole sana. Elia alianguka kazini Jumatano. Hakuamka."

Nikakaa juu ya gunia.

"Samahani kukuuliza wakati kama huu," akaendelea. "Hapa hospitali wanataka jina la mke ili watoe mwili. Tuandike wewe?"

SEHEMU YA TATU

Nilimwambia anipe mpaka asubuhi.

Wakili alikuja nyumbani mwenyewe, Jumapili, akiwa na kanga begani. Alitoa rambirambi kwanza, tukanyamaza pamoja, ndipo akasema alichokuja kukisema. Kifo kinavunja ndoa kuliko mahakama yoyote. Hakuna hakimu anayeweza kumpa marehemu amri ya mwisho. Kwa hiyo kama amri hiyo haikutolewa kabla ya Juni 19, nimekuwa mjane, na pingamizi la Ayubu limebaki halina mguu wa kusimamia.

"Na kama ilitolewa?"

"Basi ulishaachika zamani. Katika hali zote mbili uko huru kuolewa. Tofauti ni mirathi. Mjane ni mrithi. Mtalaka siye."

Sikutaka kusikia habari za mirathi. Nilikuwa nawaza mguu wa kushoto wa Elia, jinsi alivyokuwa akiuburuta kidogo akichoka, na kwamba kule ghalani labda hakuna aliyejua kuwa akiuburuta ndiyo amechoka.

Mwalimu alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Kisha akaenda chumbani, nikasikia pasi ya mkaa ikigonga meza. Alitoka na gauni langu jeusi limenyooshwa hadi pindo. "Nenda ukamzike," akasema. "Mimi nilizika, najua. Usipomzika vizuri utakuja kumzikia nyumbani kwangu."

Mwili ulifika wiki ya kwanza ya Julai. Maziko yalikuwa Jumamosi tarehe 6, Lushoto. Basi linapoacha Mombo na kuanza kupanda zile kona, masikio huziba na joto la Tanga hukuacha kama lilivyokupata. Nilifika kumekuwa na ukungu. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka wa nyuma, sikutaka kusogea mbele bila kujua nasogea kama nani. Mama mkwe aliniona. Alinyanyuka kwa shida, akapita katikati ya watu, akaja kuketi kando yangu, akanishika mkono.

"Mkwe wangu," akasema. Basi nikalia.

Ayubu alikuwa mbele, suti nyeusi, hakunitazama. Tangu msiba utokee hakuwa amenipigia hata simu ya pole, na barua yake ya pingamizi ilikuwa bado bomani. Kama mimi ni mke halali wa kaka yake, kama alivyoandika kwa mkono wake, mbona hakuna aliyenitafutia hata kiti?

Mzee wa ukoo akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alibatizwa lini. Leicester aliitamka Lesita, kwa heshima kubwa. Mkono wa mama mkwe ulikuwa umenikaza. Nilijua sentensi inayofuata, kila mtu aliyewahi kwenda msibani anaijua, nikainamisha kichwa kuipokea.

"Marehemu ameacha mjane mmoja," mzee akasoma, "na mtoto mmoja wa miaka miwili."

Mimi na Elia hatukujaliwa mtoto.

Mkono wa mama mkwe ukalegea. Alikuwa hajui, niliuona mshtuko wake kabla ya wangu. Kule mbele, karibu na jeneza, mwanamke mwenye leso nyeusi akasimama na mtoto mgongoni.

SEHEMU YA NNE

Jumatatu saa nne asubuhi walikuja wote ofisini kwa wakili. Ayubu mbele, na bahasha ya plastiki yenye kifungo. Nyuma yake yule mwanamke. Jina lake Furaha, mzaliwa wa Likoni. Amefungua kibanda karibu na kivuko, anapiga picha za pasipoti, anatoa kopi na kuchapa barua za watu. Walikuwa wamevuka Horohoro wiki iliyotangulia, moja kwa moja hadi msibani. Mtoto alikuwa amelala. Nilimtandikia kanga yangu kwenye kochi, tukamlaza kwa pamoja, mimi nikimshika kichwa, yeye miguu. Mguu wa kushoto ulikuwa umepinda kidogo kwa ndani.

"Shemeji," Ayubu akaanza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kutoa posa. "Nilikosea. Nilipoandika lile pingamizi nilikuwa sijapata taarifa kamili. Kumbe kaka alishamaliza kila kitu. Barua ya kuliondoa hii hapa, nimeshaisaini. Wewe saini hii yako, Jumamosi unaolewa."

Barua yangu ilikuwa ya mistari sita. Ilisema nakiri kwamba niliachika kwa amri ya mwisho ya mahakama ya Uingereza mwaka 2019, na kwamba sina dai lolote katika mali ya marehemu.

Wakili akaniomba nimsindikize kuchukua maji. Kwenye korido alisema haraka haraka. "Angalia anavyocheza. Alipokuwa hai kaka yake, alikutaka uwe mke ili usiolewe. Sasa anakutaka uwe umeachika ili usirithi. Furaha ni Mkenya, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mtoto ni mdogo, ana haki yake, lakini hadi akue nyumba ya Chumbageni itasimamiwa na nani? Ukijitoa wewe, hapo mezani anabaki mtu mmoja."

"Na Furaha?"

"Walifunga ndoa Mombasa mwaka 2021. Kenya nao, kwa sheria yao ya mwaka 2014, wanatambua talaka ya nje, ila lazima iwepo. Kama Elia alikuwa bado mume wako siku ile, ile ya Mombasa haikuwa ndoa. Karatasi moja, dada Neema. Inakubeba wewe na inambeba yeye."

Tuliporudi Ayubu alikuwa amekwisha kuitandaza mezani. Decree Absolute, yaani amri ya mwisho. Muhuri ule ule, majina yale yale, langu na la Elia. Furaha alikuwa amekaa na mikono mapajani, vidole vina weusi wa wino kwenye kucha ambao sabuni haiutoi.

Nikatafuta tarehe. Tarehe 2 Aprili 2019.

Niliihesabu kimoyomoyo, kuanzia Machi 14, mara mbili. Siku 19. Wakili alikuwa ameshaihesabu kabla yangu, kwa sababu chini ya meza kiatu chake kilinigusa. Hapo ningeweza kusema. Lakini nikamtazama yule mtoto kwenye kanga yangu, midomo wazi. Nikifungua kinywa, mama yake hakuwahi kuolewa. Nikinyamaza, pingamizi linaondoka leo hii, Mwalimu anavaa suti yake Jumamosi, na mchele hauingii wadudu. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka ile karatasi iwe ya kweli. Kalamu ya Ayubu ilikuwa imeshafunguliwa, ameielekeza kwangu upande wa kushikia.

Nikaichukua.

Ili kusaini nililazimika kuisogeza ile amri pembeni, na mwanga wa dirisha ukaipiga kwa ubavu. Kona ya chini, mkono wa kulia, juu kidogo ya muhuri, palikuwa na kivuli cha kijivu, hafifu kama doa la chai lililofuliwa. Nikapitisha kidole. Karatasi ilikuwa tambarare, haina plastiki, haina povu. Kivuli kimechapwa. Kilikuwa kipana upande mmoja, kimechongoka upande wa pili.

Kisiwa changu cha Toten.

Nilipoinua macho, Furaha alikuwa anakitazama kidole changu. Hakunitazama usoni. Alikuwa ameganda na kile kidole, kama mtu aliyeona mlango aliousahau wazi.

Simu ya Ayubu ikaita. Akaangalia namba, akaomba radhi, akatoka koridoni na kuuvuta mlango nyuma yake. Tukasikia akisema, kwa sauti ya chini, bado kidogo, bado kidogo, anasaini.

"Dada," Furaha akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usisaini."

Wakili akaacha kuandika.

"Hiyo karatasi nimeichapa mimi, kwa mashine yangu, Likoni. Nililetewa picha kwenye simu, picha ya karatasi yenye plastiki. Nikaambiwa mahakama ilikosea neno moja na tarehe, sisi tunasahihisha tu, ofisi ya ndoa isije ikatusumbua. Kile kivuli nilihangaika nacho usiku mzima, kikakataa kutoka." Alimeza mate. "Nilikuwa nimeshapenda, dada. Nikaamini. Juzi kule kaburini nilipomwona mama amekushika mkono, ndipo nikajua sisi wawili hatuwezi wote kuwa mjane."

"Elia ndiye aliyekuletea?" nikauliza.

Akatikisa kichwa. Mtoto akajigeuza kwenye kochi, akatulia.

"Elia alikuwa Leicester. Na alipokuja kuniuliza baadaye amri ile imetoka wapi, dada, naapa kwa huyu mtoto, alikuwa haijui. Aliyekaa kando yangu akanitajia tarehe ya kuandika..."

Kitasa kikazunguka. Ayubu akaingia, simu bado mkononi, tabasamu limemtangulia. Alitazama kalamu, akatazama barua isiyo na sahihi, kisha akamtazama Furaha, na tabasamu likabaki pale pale bila macho.

"Karibu, bwana Ayubu," wakili akasema, akiwa ameinamia kompyuta yake. "Kaa. London wamejibu."

Itaendelea